Hela Yenye Kwato

Haya, nyie mliokuja kuzika mkabaki kwa ajili ya ubwabwa, sogeeni hapa mkekani. Na wewe uliyeficha nyama chini ya wali, kula tu, tumeshakuona. Mama Tausi tumemzika jana, Mungu amrehemu, na tangu jana watu wanamsifia mpaka nikajiuliza kama tumezika mtu mwingine. Eti alikuwa mpole. Mama Tausi ninayemjua mimi alikuwa akikohoa tu, mbwa wa Mikumi nzima wanaingia ndani na kufunga mlango. Niliingia jikoni kwake mwaka niliotimiza miaka ishirini na miwili, na mwaka ule ndio ulionionyesha mimi ni mtu wa namna gani. Nilichokiona kilinitia kinyaa. Sisemi huzuni, nasema kinyaa, kile cha kukuta unywele kwenye uji na nusu ya uji umeshameza.

Nisingeyasema haya kama jana nisingemuona Minza. Hatujaonana miaka na miaka. Ametoka Kidete kwa treni mpaka Kilosa, akapanda basi mpaka hapa Mikumi, tukakumbatiana, tukalia, na neno lake la kwanza baada ya kufuta machozi lilikuwa, "Zaina, pochi yako iko wapi?" Nikatazama kwapani, nikatazama mapajani. Nilikuwa nimeiacha kwenye basi. Na mwezi uliopita tu nilikuwa Morogoro na binti yangu na mumewe, tumempeleka mjukuu wangu Rehema kwa daktari, maana shuleni walikuwa wameshamchoka, anaanza kuandika jibu la kwanza, anamalizia la saba, katikati ameshatoka nje kuangalia mjusi. Daktari mwenyewe kijana, shati limenyooka utadhani lilipigwa pasi na yeye akiwa ndani. Akauliza, mtoto anasahau vitu? Anasahau. Anaanza kazi haimalizi? Haimalizi. Anawakatiza watu wakiongea? Nikamkatiza nikasema ndiyo. Alipofika swali la kumi nikamwambia, "Daktari, unamuuliza mtoto au unanisema mimi?" Akaandika herufi nne za Kizungu, ADHD, akatueleza kwamba kichwa cha mtoto huyu ni kama stendi ambayo magari yote yanapiga honi na hakuna wa kusema lipi litangulie. Akasema si utukutu, si laana, wala si malezi. Halafu akasema mara nyingi kinarithiwa. Binti yangu na mumewe wakageuka polepole wakanitazama, kama watu waliomuona mwizi wao sokoni.

Nilitoka nikakaa kwenye benchi la nje nikasema kumbe. Miaka yote ile nimeitwa mzembe, mfujaji, mtu asiye na haya, na mimi nimeitikia kila jina kama naitwa kula. Lakini msidhani zile herufi zimenisafisha. Zimenieleza tu kwa nini nilinuka, na harufu yenyewe naikumbuka vizuri.

Genge la Mama Tausi lilikuwa hapo barabarani, pale malori ya Tunduma yanapopumzika. Mabati juu, mbao pembeni, mabenchi manne na masufuria ambayo punda angeweza kuoga ndani yake. Sisi tulikuwa wawili, mimi wa Kilosa na Minza, Msukuma wa Kidete ambako ndugu zake walihamia na ng'ombe wao. Yeye alikuwa anasonga ugali, mimi nilikuwa wa utumbo. Kuosha utumbo wa ng'ombe mnakujua? Unaugeuza, unaukwangua, unausuuza, unarudia, na ile harufu inaingia kwenye kucha inapanga chumba humo. Nilikuwa nikienda harusini watu wananipa mkono halafu wanaufuta kwenye kanga. Madereva walikuwa wanakula huku wanatema mifupa chini, wanapenga kamasi kwa vidole viwili, halafu vidole vilevile vinarudi kwenye ugali. Mmoja alikuwa anachokonoa meno kwa kijiti anakirudisha sikioni kwa ajili ya kesho. Na mimi nilikuwa nawapenda wote, maana walikuwa wakicheka nikisema.

Siku hiyo tulikuwa tunaosha vyombo nyuma ya mbao, tukamsikia Mama Tausi anaongea na mwanaume mmoja aliyekuwa anatafuta mahali pa kuuzia matairi.

"Miguu yangu imevimba kama mihogo ya Kidodi," Mama Tausi akasema. "Mwakani nataka nikae Kilosa kwa binti yangu nisukwe nywele. Genge nauza."

"Unauza shilingi ngapi?"

Minza aliacha kusuuza. Hakusubiri kusikia bei. Alizunguka mbao na mikono inachuruzika maji ya vyombo, akapiga goti, akasema, "Shikamoo mama. Tuuzie sisi."

"Marahaba. Nyie na nani?"

"Mimi na Zaina."

Mama Tausi alinitazama kutoka utosini mpaka kandambili, ambazo siku hiyo zilikuwa moja nyekundu na moja ya bluu. Akatema mate pembeni. Lakini alikuwa anampenda Minza, akakubali. Tulipe kwa mafungu matatu. La kwanza palepale, la pili mvua za masika zikiisha, la tatu kabla ya Idd ya kuchinja. Tukikosa, genge linakwenda kwa mtu wa matairi, na tulichokwisha kutoa yeye amekula kama kodi ya kumsumbua. Hilo ndilo lilikuwa shauri letu la mwaka mzima, jamani. Kuwa wenye genge, au kuosha utumbo wa mtu mwingine mpaka tuzeeke.

Fungu la kwanza halikunisumbua. Minza alikuwa na akiba yake, mimi niliuza pete ya marehemu bibi, tukampa Mama Tausi mkononi. Tatizo lilikuwa kuweka. Minza hakutaka kuweka yeye, kwa sababu kaka yake Jilala alikuwa anakuja Mikumi kila wiki mbili kuleta mbuzi kwa wachoma nyama wa barabarani, na kila akija anamuuliza, "Dada, una ngapi? Kuna mtamba mzuri Kidete." Hela ya dada kwao ilikuwa na pembe hata kabla hajaishika. Basi Minza akasema, "Weka wewe, Zaina. Kwako hakuna kaka."

Ningekuwa mtu mwenye akili ningesema hapana. Tulikuwa tunakaa chumba kimoja, alikuwa anaona. Kwenye kile chumba kulikuwa na chupa za chai sita. Sita, na tulikuwa tunakunywa chai gengeni. Machinga walikuwa wanapita na mabasi, na kitu kikishang'aa tu mbele yangu, mkono wangu ulikuwa unalipa mimi mwenyewe bado sijaambiwa. Nilikuwa na saa ya ukutani yenye kuku anayedonoa, ilikuwa haiendi ila kuku anadonoa. Nilikuwa na wigi la kimanjano. Nilikuwa na viatu vya mtoto, na mtoto sikuwa naye. Kila nikinunua ninaona maisha yangu yametengenea, roho inapaa mpaka milima ya Mamboya, na ikifika jioni naviangalia vile vitu nasikia kichefuchefu, navisukumia chini ya kitanda. Chini ya kitanda changu mlikuwa na duka kubwa kuliko maduka ya Kilosa mjini, na mwenye duka hana nauli. Lakini mwenzako akishakwambia anakuamini utamwambiaje usiniamini? Nilisema, "Lete."

Nikaapa sigusi, na kweli sikugusa. Ndiyo kichekesho chenyewe. Kwa kujijua nilivyo, kila wiki mbili nilikuwa nabadilisha maficho ili hata mimi nisiifikie kirahisi. Ndani ya mto, kwenye dari, ndani ya kiatu cha mtoto. Mvua za masika zikakaribia kuisha, fungu la pili limetimia, Minza akasema kesho tunalipa, lete hela. Nikaenda kwenye mto. Hakuna. Dari. Hakuna. Nilivunja chumba kile utadhani polisi wameingia. Nilijua nimeihamisha, nilijua niliihamishia mahali pa akili sana, nikakumbuka mpaka furaha niliyokuwa nayo wakati naficha, na mahali penyewe hapaji. Tukatafuta siku tatu, nne, wiki. Mama Tausi akawa anakohoa kila akituona.

Hapo sasa nikafanya jambo ambalo nikilikumbuka nakunja uso hata nikiwa peke yangu msalani. Minza alikaa kitandani, ameshika kichwa, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nani aliingia humu?" Na mdomo wangu, ambao haujawahi kusubiri zamu yake, ukasema, "Labda kaka yako. Si alikuja ile siku?"

Kumbe uongo mwepesi hivyo. Sikuwa nimeuwaza. Ulitoka tu kama beuo.

Minza alipanda gari kesho yake mpaka Kilosa, na treni mpaka Kidete. Alivyonieleza baadaye, Jilala alisikiliza mpaka mwisho mbele ya mke wake na wazee wawili. Hakutukana. Akatoa kila kilichokuwa mfukoni, akavua shati, akavua mpaka mkanda, akaviweka chini vyote, akabaki na suruali anaishika kwa mkono. Akasema, "Chukueni, mkahesabu." Mtu mzima, mwenye watoto. Minza alirudi na macho mekundu, na mimi nikampokea na chai kwenye chupa mpya, ya saba.

Siku mbili baada ya hapo harufu ikaanza. Harufu ya genge naijua, utumbo naujua, hii ilikuwa nyingine, ilikuwa kama panya aliyekufa akazikwa na mama mkwe wake. Ilitoka stoo, kwenye gunia la dagaa lililokuwa limelowa maji ya mvua kwa chini. Mama Tausi akasema kalitupe. Nikalikumbatia, na nikiwa njiani nimelibeba, uso umezikwa kwenye dagaa waliooza, funza mmoja anapanda shingoni kama anayejua anakokwenda, ndipo likanijia. Mwizi gani ataingiza mkono kwenye dagaa. Nilikuwa nimesema hivyo kwa sauti siku ile naficha, nikacheka peke yangu kwa kujipongeza. Nikaliangusha gunia palepale, nikaingiza mikono mpaka kwenye viwiko. Mfuko wa nailoni ulikuwepo. Ulikuwa umetoboka. Hela yote ilikuwepo, imelowa, imeshikana kama maandazi mabichi, inatoa maji ya kahawia.

Nilimpelekea Mama Tausi nikikimbia. Akazishika kwa ncha ya kidole, akazinusa, akazirudisha. "Siwezi kuweka hii kifuani kwangu," akasema. "Zioshe, zikauke, zinuke hela. Halafu uje."

Sasa sikilizeni kosa ambalo ni mtu wa Mikumi peke yake anaweza kulifanya, tena aliyezaliwa jana. Nilizisuuza, nikaenda kuzianika juani kwenye majani makavu, kule mwisho wa nyumba panapoanza pori, nikaweka kijiwe juu ya kila noti. Minza akaniambia, "Kaa hapo hapo, usinyanyuke." Nikakaa. Wallahi nilikaa. Nilikaa muda mrefu sana, yawezekana dakika tano. Halafu barabarani lori likaharibika, lilikuwa limebeba mabata mzinga, yale mabata yanapiga kelele kama wabunge, nikasema ngoja nione mara moja. Niliyaangalia yale mabata. Nikamuuliza dereva wanatoka wapi. Nikamsaidia kumkamata mmoja aliyetoroka. Dereva akanipa soda. Nilipokumbuka nilikokuwa nimekaa, nyani walikuwa wameshakaa.

Nyani wa Mikumi hawaogopi hata gari la serikali, na noti zilikuwa bado zinanuka dagaa. Walikuwa kama ishirini, nikisema mia nitakuwa naongeza, haya walikuwa mia. Mmoja dume, mkubwa, amekaa kitako kama mtu wa benki, anainua noti, anailamba mbele, anailamba nyuma, anaichana vipande viwili kuangalia kama dagaa yuko ndani, anatupa, anachukua nyingine. Mwingine alikuwa anamtafunia mtoto. Nilipiga kelele, nikarusha kandambili zote mbili. Yule dume akanitazama, akanya taratibu juu ya hela yetu, akaondoka na wenzake.

Minza akanikuta nimepiga magoti kwenye mavi ya nyani, naokota vipande. Nilitegemea anipige. Ningepona kama angenipiga. Alinitazama jinsi unavyotazama bakuli lako ukikuta nzi yumo, unaangalia kwanza, halafu unalisogeza mbali na wewe polepole. Akageuka pembeni akatapika. Sijui alitapikia harufu au alitapikia mimi. Mpaka leo sijamuuliza.

Nikatoa nilichokuwa nacho, nikasema, "Si kaka yako. Nilikuwa nimeficha mimi."

Akafuta mdomo. "Najua," akasema. "Ameapa kwa ng'ombe wa baba. Sasa utamwambia wewe, kwa mdomo wako huohuo."

Siku hizi watoto mnaniona mimi mshamba nikisema naogopa simu. Lakini hebu fikirieni, kichwa kama changu ukipe hela isiyoshikika, isiyonuka, inayokaa kimya ndani ya kioo. Niliwahi kuchukua ile mikopo wanaiita kausha damu, nikabonyeza mara tatu, mara ya kwanza kwa shida, ya pili kwa kulipa ya kwanza, ya tatu nilikuwa nasubiri wali uive tu. Wakaja kumpigia simu mpaka imamu. Na kila mtu ananiambia andika matumizi yako, Bibi Zaina, weka bajeti. Nimeandikiwa madaftari tisa. Najua moja liko wapi. Mtu anayekwambia jitahidi kukumbuka ni sawa na anayemwambia kiziwi ajitahidi kusikia, na kinyaa nilichokuwa nacho juu yangu miaka yote kilitokana na huko kujitahidi. Nilijitahidi mpaka jasho. Kilichonisaidia kilitoka kwa mtu niliyemwita mwizi.

Jilala alikuja wiki iliyofuata, na mbuzi wake, akasimama nyuma ya genge. Nikaenda, nikasema, "Shikamoo kaka." Akaendelea kufunga mbuzi wake kamba. Unajua shikamoo isiyojibiwa inavyokaa hewani? Inakaa kama nguo ya ndani iliyosahauliwa kwenye kamba, kila anayepita anaiona ni yako. Nikamweleza yote, dagaa, mabata, nyani. Nilipofika kwa yule dume nikaona shavu lake linatikisika, lakini marahaba hakutoa. Alimgeukia Minza akasema kama mimi sipo.

"Kosa lako wewe. Umempa huyu kitu kisicholia. Kitu kisicholia kwake kimekufa."

"Nifanyeje?" Minza akauliza.

"Iliyobaki iko wapi?" Ilikuwa imebaki kama robo. Akaihesabu akiishika mbali na pua, akafungua vibuzi viwili vidogo, akanikabidhi kamba mimi, si Minza. "Wakishinda njaa watakuita. Ukiwasahau watakula kitanda. Kila nikija, hela yoyote mliyonayo nachukua, nawapa mbuzi. Idd ya kuchinja mbuzi anapanda bei mara mbili, tutauza. Na usiwape majina. Ukimpa jina hutamuuza."

Mama Tausi alipoambiwa alicheka kwa pua tu. Akasema fungu la pili na la tatu anayataka pamoja, kabla ya Idd, na mtu wa matairi ameshaleta fundi kupima.

Mikumi mbuzi halali nje. Fisi wa hapa wanajua kufungua komeo, na simba wakitoka hifadhini huwa wanabisha hodi. Kwa hiyo mbuzi walilala wapi? Chumbani, na sisi. Wawili wakawa watatu, watano, wakafika kumi na mmoja. Nilikuwa naamka alfajiri nateremsha mguu, na mguu unatua kwenye hela yangu ikiwa na joto. Hela ilikuwa inakojoa kwenye wigi la kimanjano. Hela ilikuwa inacheua usoni kwangu, pumzi yake kama kaburi la maboga. Kwato, kupe, viroboto, kile kidume kinajikojolea ndevu halafu kinakuja kujifuta kwenye shuka langu. Nywele zangu zilinuka beberu, mkate ulinuka beberu, mpaka udi tukiuchoma unatoka moshi wa beberu. Mwenye nyumba alikuwa akija kudai kodi anasimama barabarani, tunamrushia. Kati ya utumbo gengeni na mbuzi chumbani, sikumbuki siku moja mwaka ule niliyovuta pumzi kwa hiari yangu.

Na sikuwasahau hata siku moja. Hilo ndilo lililonishangaza. Mimi niliyesahau kula, niliyesahau siku ya Ijumaa nikiwa nimeshatawadha, sikuwahi kusahau majani. Ningesahauje? Walikuwa wanalia. Ikifika saa kumi jioni watu wa nyumba ya tatu walikuwa wananiita, "Zaina, mshahara wako unapiga kelele huko." Chupa za chai zilikwisha zote, walitafuna vifuniko. Yule kuku wa kwenye saa walimla kichwa.

Siku moja machinga akapita na redio, nyekundu, ina taa zinazocheza. Akanipunguzia bei palepale kwa sababu uso wangu ulikuwa umeshanunua. Nikamwambia nisubiri, nikakimbia nyumbani mbio, nikafungua mlango kuchukua hela. Nyuso kumi na moja zikanigeukia. Nikamfunga mmoja kamba, nikamburuta mpaka barabarani, amekita miguu kama mtu anayepelekwa mahakamani. Machinga akatazama mbuzi, akanitazama mimi.

"Dada, huyu nikimchukua chenji yako natoa wapi? Nikurudishie miguu?"

Basi zima lililokuwa limesimama hapo lilicheka. Na mimi nilicheka, na katikati ya kucheka nikashangaa, ile redio imeshaacha kung'aa. Ilikuwa redio tu. Nilirudi na mbuzi wangu polepole, yeye mbele.

Siku tatu kabla ya Idd, Jilala alikuja tukawapanga mbuzi barabarani, magari madogo ya Morogoro yanasimama, wanaume wenye kanzu wanafungua midomo ya mbuzi kutazama meno. Bei ilipanda mpaka nikaona aibu kwa niaba ya mnunuzi. Mbuzi kumi wakaondoka. Wa kumi na moja alikuwa amevunjika mguu utotoni, anachechemea, na wa kuchinja Idd hatakiwi kuwa na kilema, akabaki. Jilala alikunja hela yote, akaninyooshea mimi. Nadhani alikuwa ananipima. Mikono yangu ilikuwa inawasha kwa hamu. Nikairudisha nyuma ya mgongo nikaishikanisha yenyewe kwa yenyewe.

"Shikamoo kaka," nikasema. "Mpe Minza. Mimi usinipe hata ya kunusa."

"Marahaba," akasema.

Tulikwenda gengeni mchana huohuo, mabenchi yamejaa madereva, yule mtu wa matairi naye yupo anapima mlango kwa kamba. Yule mbuzi kilema alitufuata, hakuna aliyemwita, akasimama mlangoni. Mama Tausi akahesabu, akarudia kuhesabu, akalamba kidole akarudia tena, na kila akifika katikati mimi roho inanitoka naona kama imepungua. Haikupungua. Mtu wa matairi akakunja kamba yake akaondoka bila kuaga. Mama Tausi akaingiza mkono kifuani, akatoa ufunguo wa kufuli, umefungwa utambi mweusi wa miaka ishirini ya jasho, akaunyanyua juu.

"Nani anashika?" akauliza.

Minza akasema yeye kesho anaondoka na kaka yake Kidete, wanavuna, atarudi baada ya siku kumi. Jilala akasema yeye si wa Mikumi. Dereva mmoja, na mdomo umejaa ugali, akasema, "Si yupo Zaina, mwenye genge." Madereva walinitazama. Minza alinitazama. Mimi nilikuwa nimeshanyoosha mkono, na hata mimi nikawa nautazama ule mkono kama wa mtu nisiyemjua.

Mama Tausi, ambaye tangu nimfahamu sikuwahi kumsikia akitania, alitazama mkono wangu, akatazama ufunguo, akatazama pale mlangoni. Utani ukamtoka tu.

"Mfungieni mbuzi shingoni," akasema. "Huyo akitoka anarudi."